Anayeona Tundu la Sindano

Mtaa mzima ulimwita Pindo, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikuwahi kufumuka. Suruali ya shule ingepauka, ingetoboka magotini, ingerithiwa na mdogo mtu, na pindo lingekuwa palepale. Alikuwa mshonaji wa miaka hamsini na sita, mjane asiye na mtoto, mwembamba, na mdomo wake uliogopwa kuliko mbwa yeyote wa jirani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume, chini ya dirisha linalotazama barabara. Wateja walimpenda kwa kazi yake na kumvumilia kwa mengine yote.

Alijisifia jambo moja: hakuvaa miwani. Sindano mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia, anaulamba, anauchomeka mara moja, umepita. Mbele ya wateja alifanya hivyo polepole ili waone vizuri. "Wenzangu wa rika langu wanatungiwa uzi na wajukuu," alikuwa akisema. "Mimi macho yangu ya kisichana." Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza.

Adui yake aliishi nyumba hiyohiyo. Alikuwa mke wa mdogo wake, mfua nguo, mtaani wakimwita Povu. Pindo na Povu waliitana wifi, na neno hilo lina ujanja wake: dada wa mume humwita hivyo mke wa kaka, na mke wa kaka humwita hivyo dada wa mume, kwa hiyo ukisimama nje ya dirisha ukasikia wifi hii na wifi ile, huwezi kujua nani anamtukana nani. Hao wawili hawakupikika chungu kimoja tangu siku ya kwanza. Povu alikuwa mnene, mwenye mikono ya nguvu, mcheshi kwa kila kiumbe isipokuwa mmoja. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na mashuka yalitaka mabeseni: la kulowekea, la sabuni, la kusuuzia, la kutia buluu. Uani hapakutosha. Mabeseni yakaingia ukumbini, yakafika mpaka mlango wa jikoni.

Pindo aliyapiga teke.

Hakuyapiga makusudi, lakini nani angeamini? Anatoka chumba cha mbele kwenda msalani, kichwa juu, shingo imenyooka kama alivyozoea, mara mguu umezama kwenye maji ya sabuni hadi kifundoni. Siku nyingine ndoo. Siku nyingine kigoda, akatua kwa goti na kuwatukana waliokuja kumwinua. Siku moja alitembea juu ya shuka jeupe lililotandazwa, akalimaliza lote kwa viatu vyake, kisha akageuka kuuliza kwa nini wanamtolea macho.

"Wifi, beseni hulioni?" Povu alimuuliza.

"Naliona sasa, limeshanilowesha."

"Tundu la sindano unaliona, beseni pana kama gurudumu la lori hulioni?"

"Ningeliona lingekaa mahali pa mabeseni. Unanitegea, wifi. Unataka nivunjike kiuno, upate chumba cha mbele utundike mashuka yako ya wageni wasiojulikana wametoka wapi."

"Nikutegee wewe? Kwani una nini cha kutegewa?"

Na kila mmoja aliyaamini maneno yake toka moyoni, hapo ndipo penye uchungu. Povu alikuwa na ushahidi wake, ile sindano. Pindo naye alikuwa na wake: yeye aliitazama sakafu, akaiona iko tupu, akapiga hatua, na beseni likatokea. Kitu kisipokuwepo halafu kikawepo, basi kuna mtu amekileta.

Sasa nieleze habari ya presha, kwa sababu bila hiyo haya yote yasingefika yalikofika. Mwaka mmoja na nusu nyuma, wapimaji wa macho walikuja zahanati ya mtaa. Pindo alikwenda, si kwa kuumwa, alikwenda kujionyesha. Alisoma herufi za mstari wa chini kabisa kwa sauti, ili foleni isikie. Mpimaji akamweka kifaa machoni, akamulika ndani kwa taa ndogo, akasema, "Mama, una presha ya macho." Akampa kichupa cha dawa, tone moja kila jicho kila jioni, na arudi baada ya mwezi. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Akatoka.

Presha! Nani asiyeijua presha? Mama yao alikuwa nayo. Hupanda ukiudhiwa, hushuka ukitulia, na mama yao alimeza kidonge siku ambazo kichwa kilimgonga, siku nyingine akakiacha kabatini. Pindo akaamua yake ni presha ileile, ila imechagua kupandia machoni. Na anayeipandisha hakuhitaji kutafutwa, alikuwa uani anakamua mashuka.

Kuanzia hapo kichupa kikawa silaha. Wakishagombana, Pindo aliingia chumbani, akatoka nacho, akaketi ukumbini mahali ambapo Povu hawezi kukwepa kumwona, akainua uso na kutia tone. "Umenipandisha presha ya macho, wifi. Haya, tazama kazi yako." Siku ya matusi mazito alitia mara mbili. Siku ambayo Povu amepeleka mashuka na nyumba imepoa, hakukigusa. Kwa nini aharibu dawa na hali yeye mzima? Kurudi zahanati hakurudi, kwani macho yalikuwa hayamuumi.

Mdogo wake alikuwa msoma mita za maji. Kutwa anapita nyumba za watu akibwekewa na mbwa na wenye nyumba, na alichotaka jioni ni kimya. Siku moja aliwakalisha wote wawili, akawaapisha kwa kaburi la baba yake na la baba mkwe wake: miezi mitatu, asisikie neno. Walitii. Hawakupatana, usije ukafikiri walipatana, ila walinyamaza. Walipishana ukumbini midomo imebanwa. Bwana msoma mita akawaambia wenzake kazini kwamba nyumba yake imekuwa kama peponi.

Katika miezi hiyo mitatu Pindo hakutia hata tone moja. Hakuudhiwa kwa sauti, basi presha itapandaje? Ugonjwa ukala bila kusumbuliwa. Mimi huwa nasema, na watu hawapendi nikisema, kwamba wangeendelea kutukanana kila siku ya Mungu, yule mwanamke leo angekuwa na macho zaidi.

Ndani ya amani hiyo ndimo alimoyaparamia mabeseni kuliko wakati wowote. Povu, mwenye kiapo, alimeza. Mwezi wa tatu ulipokwisha, Pindo akaingia mguu mzima kwenye beseni la buluu na kuliangusha juu ya rundo la mashuka makavu, yaliyokunjwa tayari kwenda. Kelele za Povu zilisikika mpaka barabara ya pili. Mume alirudi akakuta mashuka yana madoa ya buluu kila mahali, mkewe analia kwa hasira, na dada yake amekunja mikono.

"Basi," alisema. Alikuwa mtu mpole, na ukali ulimkaa vibaya usoni. "Likipigwa teke beseni moja tena humu ndani, mmoja wenu atahama." Hakusema nani, lakini wakati anasema alikuwa anamtazama dada yake.

Pindo hakulala vizuri wiki ile. Alizaliwa katika nyumba hiyo. Chumba cha mbele ndicho baba yao alichomgawia kwa mdomo wake mwenyewe, na dirisha lile lilikuwa ndilo duka, ndilo bango, ndilo kila kitu. Fundi akipelekwa chumba cha kupanga kilicho uchochoroni, nani atamwona akitunga uzi? Akaanza kutembea akipapasa ukuta, akiutanguliza mguu na kuusubiri. Aliona aibu, na aibu ikazidi kumtia chuki.

Jumatano, saa nne asubuhi, jua limejaa ukumbini, aliinuka kwenye cherehani kwenda kunywa maji. Alishika ubao wa mlango wake, akamwona Povu mlango wa jikoni. Hapo mlangoni hakuwa na wasiwasi, kwa sababu hapo halikuwahi kukaa beseni hata siku moja. Akatoa mguu kwa kujiamini. Ukagonga kitu kizito kilichojaa, mwili ukatangulia, akajizuia kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikalia kama kijiti kinapovunjwa.

Alipoinua uso kutoka kwenye maji, Povu alikuwa palepale. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono kifuani, anatazama. Ilipita muda ndipo akatoka pale alipokuwa.

"Umenitegea!" Pindo alipiga kelele. "Leo nimekukamata! Mlangoni kwangu, wifi! Mlangoni kwangu!"

Povu alimwinua kwa kwapa, akaliondoa beseni.

Hospitali walimfunga plasta mpaka karibu na kiwiko. Daktari wa mifupa alimuuliza ameanguka mara ngapi mwaka huu. "Mara moja," Pindo akasema. "Kumi na moja," akasema Povu nyuma yake. Daktari aliwatazama wote wawili, akaandika karatasi ya kwenda chumba cha macho kesho yake. Nyumbani, msoma mita hakutaka kusikia habari ya beseni la mlangoni. Mabeseni hukaa ukumbini, yeye ndiyo anajua, na dada yake anatafuta visingizio. "Nilisema, dada. Nitakutafutia chumba."

"Kwanza apimwe," Povu alidakia. "Nataka nisikie kwa masikio yangu daktari akisema macho ni mazima. Mtu asije akasema nimemfukuza kipofu."

Kwa hiyo waliongozana, wakiwa na hamu tofauti. Njiani hawakusemeshana. Mara mbili Pindo alijikwaa kwenye ukingo wa barabara, na mara mbili Povu alimdaka mkono wa gauni na kuuachia haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana asiye na maneno mengi. Alimkalisha Pindo mbele ya ubao wa herufi. Pindo akasoma mstari wa chini kabisa, kisha akasoma na maandishi ya mtengenezaji pembeni ya ubao, ambayo hakuulizwa.

"Umesikia, daktari?" Povu alipiga makofi. "Yuko mzima! Mimi ndiyo nimekuwa nikisema. Huyu anaona mpaka mawazo ya watu."

"Hapo tumepima katikati tu," daktari akasema. "Mama, ziba jicho la kushoto. Nitazame puani, usihamishe macho. Nitachezesha vidole. Ukiviona, sema."

Walikaa uso kwa uso, magoti yakikaribiana. Vidole vilitokea juu, Pindo akasema ndiyo. Vilitokea ubavuni, akasema ndiyo, kwa kuchelewa. Halafu akasubiri. Alisubiri sana. Alimtazama daktari puani, pua nzuri, ina kipele kidogo, akawaza huyu daktari amepitiwa na usingizi au vipi. Nyuma yake Povu, ambaye hakuwa amenyamaza tangu waingie, alinyamaza.

"Mbona huanzi?" Pindo akauliza.

Daktari aliinua mkono taratibu, na ghafla, karibu na kidevu chake, Pindo akaviona vidole. Vilikuwa vinacheza. Kwa namna vilivyocheza, vilikuwa vinacheza tangu zamani.

"Nilianzia kwenye paja," daktari alisema. "Jicho la pili."

La pili lilikuwa baya zaidi. Akamulika ndani, akapima kwa kifaa, akaandika. Akauliza kama aliwahi kupewa dawa. Pindo akasema anayo, huitia.

"Kila jioni?"

"Nikipandishwa presha."

Daktari aliweka kalamu chini. "Nani alikuambia hivyo?"

"Aniambie nani? Presha ni presha."

"Mama, hii haina habari na hasira zako. Ucheke, ulie, upatane na dunia nzima, maji yaliyo ndani ya jicho yanaendelea kukandamiza mshipa wa kuonea, na mshipa unakufa. Unaanzia pembeni. Wako umekufa sana upande unaokuonyesha chini. Hauumi, na huoni giza. Sasa hivi, ukiwa umenitazama mimi, unaiona sakafu?"

"Naiona."

"Huioni. Unaikumbuka."

Pindo aliendelea kumtazama daktari usoni, akaitafuta sakafu, ikawepo, ya saruji, safi, tupu. Kisha akashusha macho. Miguuni pake palikuwa na mkoba wa Povu, na viatu vyake mwenyewe, na kikapu cha taka ambacho alikuwa amekiegemezea mguu. Hofu ilimshika kwa mara ya kwanza, hofu ya kweli, si ile ya kuhamishwa.

Daktari aliendelea. Kilichokufa hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki, kila jioni, mpaka siku ya mwisho wa uhai. Nyumbani sakafu iwe wazi, vitu vikae mahali pamoja visihamishwe, ashike fimbo, na akitembea ashushe kichwa atazame chini.

"Nitembee kama mwizi?"

"Tembea kama mtu anayetaka kubaki na kiuno chake."

Walitoka. Kwenye benchi la nje Povu aliketi kama aliyekatwa miguu. Alisema hataki maji, hataki kitu. Pindo alibaki amesimama juu yake, mkono wenye plasta umening'inia shingoni.

"Lile la mlangoni," akasema.

Povu alitazama pembeni.

"Kumi yalikuwa bahati mbaya, wifi, sasa najua. Nilikusingizia mara kumi. Lile la mlangoni je?"

"Nilitaka kujua," Povu akasema. Sauti yake ilikuwa nene na mbaya. "Nikasema, akijua atafukuzwa, atalikwepa. Akilikwepa, basi yote alikuwa anayaona. Nikasimama nitazame. Uliniangalia, wifi. Uliniangalia usoni, ukaja moja kwa moja."

Pindo alimpiga kofi kwa mkono wa kushoto. Halikuwa kofi kubwa, mkono wenyewe haukuzoea, lakini mlinzi wa mlangoni aligeuka. Povu hakuushika hata uso. Wakaondoka.

Nyumbani msoma mita hakuwa amekwenda kazini. Alikuwa ametoka jasho na alikuwa mwepesi kuongea, kama watu wapole wanavyokuwa wakishafanya jambo la ukatili na kutaka liishe. Chumba kimepatikana nyuma ya soko, alisema, na mchukuzi wa kubeba cherehani atakuja mchana. Vitu vingine ameshaanza kuvitoa. "Ni kwa faida yako, dada."

"Haoni miguu yake mwenyewe," Povu alisema.

"Nani?"

"Dada yako. Nimeona kwa macho yangu. Hakuwahi kulipiga teke hata moja kwa kusudi. Na lile lililomvunja mkono niliweka mimi, mlangoni kwake, nikasimama kumtazama."

Mume alimgeukia mkewe. Ule ukali uliomkaa vibaya safari hii ulimkaa sawasawa. "Basi utaondoka wewe," akasema. "Leo hii. Rudi kwenu."

Miaka sita Pindo alikuwa akiisubiri sentensi hiyo. Aliwahi kuipangia hata nguo atakayovaa. Sasa ameisikia, kavu, kwa sauti ya mdogo wake, na kilichomjia si furaha. Aliwaza nyumba hii mchana, mdogo wake yuko kwenye mita za watu, na yeye peke yake katikati ya sakafu anayoikumbuka.

"Haendi," akasema.

"Dada, amekuvunja mkono!"

"Wangu au wako? Nimesema haendi."

"Sikuomba unitetee," Povu akasema.

"Nani anakutetea? Nakuchukia, wifi. Nakuchukia tangu ulipoingia humu na mabeseni yako, na tangu jana nakuchukia kwa haki. Lakini huyu kutwa hayupo, na hata akiwepo hajui kitu kimekaa wapi. Wewe unajua, kwa sababu wewe ndiye unayeviweka."

"Na mimi nakuchukia," Povu alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Usidhani nitaanza kukubembeleza."

"Nani anataka kubembelezwa?"

Pindo akageuka, kichwa juu, shingo imenyooka, kuelekea chumba chake. Aliuona mlango uko wazi. Aliiona sakafu ya ukumbi, tupu, ya baba yake, akainua mguu.

"Simama!" Povu alipiga ukelele. "Sanduku lako liko mbele yako. Huyu amelitoa."

Pindo akasimama. Hakutazama chini.

"Upande gani?"

"Kulia. Pita kushoto. Bado. Bado, wifi. Haya."